Kutoka na watoto Mwanza: mawe, Capri Point, Saanane na ufukwe

Matembezi ya familia Mwanza mara nyingi huharibiwa na saa kuliko mahali. Watu wanakunywa chai, wanavaa, wanasubiri bajaji, halafu wanafika jiweni saa tano. Kufikia hapo jiwe limeshapata moto, maji ya chupa ni ya vuguvugu, na mtoto wa miaka minne anataka kubebwa. Mahali palepale, saa moja na nusu asubuhi, pangekuwa starehe.

Kwa hiyo anza na jua. Saa zetu za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33, upande wa magharibi. Tofauti hiyo ni kama dakika 48. Jua la utosi hapa halifiki saa sita kamili. Kwa wastani linakaribia saa saba kasorobo, na mwezi wa Februari linapita hata saa saba. Asubuhi jua linachomoza kati ya saa 12:25 na saa 1:00 kutegemea mwezi, na jioni linazama kati ya saa 12:40 na saa 1:10. Maana yake kwa mwenye watoto ni kwamba saa tatu asubuhi ya Mwanza bado ina upole kuliko saa tatu ya Dar es Salaam, lakini saa tisa mchana ni kali bado. Wanaosubiri "jua lipungue" na kutoka saa tisa wanajidanganya. Vipindi vizuri ni viwili: saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na saa 10 na nusu hadi jua linapozama. Baada ya kuzama, giza kamili halichukui hata nusu saa, basi anza kushuka mlimani jua likiwa bado linaonekana.

Upepo nao una ratiba. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka na kuja kutoka ziwani, na mawimbi hupanda. Mambo ya boti yafanywe asubuhi. Mvua ziko Oktoba hadi Mei, zikizidi Novemba-Desemba na Machi-Aprili. Juni hadi Septemba ni kukavu, kuna vumbi, na nyasi za milimani huwaka kirahisi, kwa hiyo hakuna kuwasha moto wa kuchoma mahindi kati ya mawe.

Mkoba

Familia ya wakubwa wawili na watoto wawili, kwa saa tatu: maji lita 4 na nusu. Kila mkubwa lita moja na nusu, kila mtoto robo tatu ya lita. Gandisha chupa moja usiku, ijaze robo tatu tu kwa sababu barafu hutanuka na kupasua chupa. Mzigo huo ni kilo nne na nusu, hivyo ugawe kwenye mikoba miwili. Anayembeba mtoto mgongoni asibebe maji.

Chakula bora cha mlimani kimeshagunduliwa na Wasukuma zamani: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Havichachi, havimwagiki, na mtoto akitafuna kipande anatulia muda mrefu. Ongeza karanga kwa watoto waliofikisha miaka mitano (wadogo zaidi wanaweza kupaliwa), ndizi mbivu, na mayai ya kuchemsha yanayoliwa ndani ya saa mbili. Chipsi mayai ziache mjini. Mafuta na chumvi vinaleta kiu, na maji hayatatosha. Ukila sehemu wazi karibu na ziwa, kaa chini ya mti. Mwewe wa Mwanza wana mazoea ya kushuka na kunyakua nyama mkononi, na kucha zao hukwaruza vidole vya mtoto.

Mengine: kanga mbili (ni mkeka, kivuli, mbeleko, na bendeji ya kufungia mkono uliovunjika), filimbi moja kwa kila mtoto, tochi, plasta na shashi, pakiti mbili za ORS ambazo kila moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, kofia pana, na noti za 500 na 1,000 maana chenji ya bajaji haipatikani asubuhi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Taka rudini nazo kwenye kiroba au mfuko wa kitambaa. Viatu ni raba zenye soli ya mpira. Ndala na yeboyebo huteleza juu ya jiwe hata likiwa kavu, na kamba ya ndala huchomoka pale pabaya kabisa.

Kuhusu umbali, mpimie mtoto mdogo kuliko wote. Wa miaka mitatu hadi mitano atembee kilomita moja au mbili kwa jumla, si kwa upande mmoja. Wa miaka sita hadi tisa, tatu hadi tano. Kupanda mita mia moja kwenda juu kuhesabu kama kilomita moja ya ziada.

Mawe

Bustani kubwa ya bure ya mji huu ni mawe yake. Isamilo, Bugando, Nyakabungo, Igogo, Mabatini: karibu kila mtaa una kilima chake cha granaiti, na wenyeji wengi hawajawahi kukipanda kwa sababu tu kiko nyuma ya choo cha jirani. Ni mawe ya zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Yalipasuka chini ya ardhi kwa mistari ya wima na ya ulalo, maji yakala kona, kisha udongo ukachukuliwa na mvua yakabaki madude ya mviringo yaliyobebana. Mweleze mtoto hivyo, ataacha kuuliza nani aliyeyapanga.

Kwanza ni ruhusa. Njia za kwenda juu hupita uani kwa watu. Usipite kimya. Bisha hodi, amkia wakubwa shikamoo, sema mnapeleka watoto juu mkaone ziwa, muulize njia ipi ni nzuri. Ukijua kusema "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" mchana, mara nyingi utapewa kijana wa kuwaonyesha njia, mpe chochote. Kama mnakwenda kundi kubwa, tuseme zaidi ya watu kumi, mwone mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla. Ukikuta watu wanasali juu ya jiwe, na hili ni la kawaida sana, zungukeni mkae jiwe lingine.

Kisha jiwe lenyewe. Granaiti hubanduka kwa maganda, kama kitunguu. Ganda linaweza kuwa na upana wa meza na unene wa sentimita tatu, limekaa kama lilivyo miaka mingi, likisubiri mzito. Ligonge kwa kisigino kabla ya kulikanyaga: likitoa mlio wa uwazi chini yake, pita pembeni. Mistari myeusi inayoshuka ubavuni mwa jiwe ni njia za maji zenye utando wa mwani na kuvu. Zikiwa kavu hushika, zikilowa hata kwa umande huteleza kama sabuni. Mvua ikinyesha mkiwa juu, msikimbilie kushuka. Tokeni kileleni, kaeni mahali pa chini, mbali na mti uliosimama peke yake na mbali na mdomo wa pango, radi ipite, kisha subirini jiwe likauke. Jua likitoka huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Kitu cha tatu ni chembe za changarawe zinazobaki juu ya miteremko. Mtoto akikimbia juu yake anaanguka, hakuna mjadala.

Kanuni ya kupanda ni moja: asipande mtoto mahali ambapo hawezi kushuka mwenyewe. Kupanda ni rahisi kwa sababu macho yanaona mikono. Kushuka miguu inatafuta gizani. Mfundishe pale chini, kwenye jiwe la urefu wa mita moja: mikono miwili na mguu mmoja vimeshika, kiungo cha nne ndicho kinachosogea. Kwenye mteremko mkali ashuke kinyumenyume, uso ukitazama jiwe, mkubwa akiwa chini yake na si juu yake. Mkubwa aliye juu anayemvuta mtoto mkono anaweza kumtegua kiwiko.

Weka mgongo wa kiganja juu ya jiwe, hesabu hadi tano. Usipovumilia, mtoto mwenye kaptula ataungua mapaja akikaa. Geuzeni.

Nyufa za mawe zina wenyewe. Pimbi ni salama wakiachwa. Mijusi wa mawe, madume yenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, ni wa kutazamwa tu. Spishi hiyo wanasayansi wanaiita Agama mwanzae, kwa jina la mji huu. Lakini fira na kifutu nao hupenda nyufa hizohizo, basi hakuna kuingiza mkono mahali usipoona. Akiumwa mtu: atulie, kiungo kisitikiswe (kanga ifanye kazi), pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe, msichanje, msifunge kamba, msinyonye, mwende hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure moja kwa moja. Nyuki ndio hatari inayosahaulika. Wakitoka jiweni, kimbieni mstari mmoja mkiwa mmefunika uso, mwingie nyumba au gari lolote. Msipungie mikono, msijirushe majini. Miiba ikwaruliwe haraka kwa ukucha. Manukato makali ya Jumapili yasivaliwe kwa safari hii.

Namba za kukariri ni 112 kwa dharura na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Mfundishe mtoto mkubwa kusema mtaa na alama iliyo karibu. "Tuko juu ya mlima" haimsaidii mtu.

Capri Point kwa miguu

Hii ndiyo njia ya kuanzia kwa familia isiyo na mazoea, maana ni barabara na hakuna pa kupotea. Anzieni upande wa kivuko cha Kamanga, ambako Jiwe la Bismarck linaonekana karibu na ukingo. Lilipewa jina la kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni, na jina likaganda. Kwa picha, asubuhi jua linakuwa mgongoni kwako na jiwe linaonekana rangi zake. Jioni jua linashuka upande wa ziwa na jiwe linakuwa kivuli cheusi, ambacho wengi hukipenda zaidi. Kutoka hapo fuateni barabara kuelekea rasi ya Capri Point na kurudi. Hesabu kilomita nne hadi tano kwa jumla, kutegemea mtakapogeukia. Kuna miti, nyumba za zamani, na mapengo ya kuona Ghuba ya Mwanza.

Kasoro yake ni magari. Sehemu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, basi tembeeni upande wa kulia mkitazamana na magari, mkubwa mmoja mbele, mwingine nyuma, watoto ndani. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Mbeleko inafanya kazi vizuri zaidi kwenye mitaro na matuta. Maeneo mengi ya ukingoni ni ya watu au hoteli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, ila kusoma sheria hiyo mbele ya geti la mtu hakutakupa njia. Omba, au nunua soda hotelini na ukae.

Miguu ikichoka, pandeni kivuko cha Kamanga mwende ng'ambo na kurudi bila gari. Ni safari ya karibu nusu saa kila upande, ya bei ya chini, na kwa mtoto ni meli kamili. Pandeni asubuhi. Mkishaingia, tafuteni jaketi za kuokolea ziko wapi kabla ya kutafuta kiti. Mji uliozika pale Igoma watu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama mwaka 1996, hauhitaji kuelezwa sababu.

Saanane

Kisiwa cha Saanane kinaonekana kutoka Capri Point, na boti ya hifadhi hufika kwa dakika chache tu. Kimepewa jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akimiliki kisiwa hicho. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Kuna swala pala, pundamilia, tumbili, pimbi, kenge, mamba ukingoni, na ndege wa kutosha kumchosha mtu mwenye daftari.

Utaratibu: nenda ofisi ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) iliyoko Capri Point ukiwa na kitambulisho cha taifa, la sivyo utatozwa kama mgeni. Omba namba ya malipo, lipa kwa simu au benki. Usitegemee fedha taslimu. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: gharama ya boti imejumuishwa au ni pembeni, boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, na kama kuna kundi la shule siku hiyo. Shule mbili zikikutana kisiwani, pundamilia hutawaona.

Kabla boti haijaondoka, pima jaketi la mtoto. Funga vifungo vyote, mshike kwenye mabega ya jaketi, uinue. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litamvuka. Omba dogo zaidi; kama halipo, mwende siku nyingine. Chupa na chakula viingie kwenye mkoba unaofungika, kwa sababu tumbili wa maeneo ya kulia chakula wanajua sauti ya karatasi ya biskuti. Usiwalishe hata kidogo: tumbili aliyelishwa leo ndiye anayempora mtoto wa mwenzio kesho, na akimng'ata, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Njia za kisiwani ni mawe na ngazi. Saa mbili hadi tatu zinatosha.

Ufukwe, na habari ya kichocho

Fukwe za mchanga ziko zaidi upande wa Ilemela, kwenye barabara ya uwanja wa ndege: Malaika, Tunza, na mbele zaidi Igombe. Hapa kuna ushauri ambao hautapendwa: watoto wacheze mchangani, wasiogelee ziwani. Hoteli zenye bwawa zipo, lipa kiingilio, wajirushe humo.

Sababu ni kichocho. Kimelea hutoka kwenye konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi nzima, bila jeraha, ndani ya dakika chache. Kinachosumbua ukanda huu wa ziwa hasa ni kichocho cha tumbo, kinachoshambulia utumbo na ini. Watu hujitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba mchanga mweupe usio na majani ni salama. Si kweli, maana ziwani hapa kuna konokono wa aina hiyo wanaoishi hata kwenye mchanga na kina kirefu kidogo. Ya pili, kwamba kujifuta haraka kwa taulo kunazuia. Kunaweza kusaidia mtu aliyekanyaga maji kwa bahati mbaya, ila si kinga. Vimelea huwa vingi zaidi majini kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, kwa sababu mwanga ndio unaowatoa kwenye konokono, na huo ndio muda familia nyingi huwa majini.

Mtoto akishaingia majini, andika tarehe. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, wachanga huikwepa, hivyo ikinywewa kesho yake haisaidii sana. Baada ya wiki sita hadi nane mpelekeni kituo cha afya kwa kipimo na dawa, na mseme wazi kwamba aliogelea ziwani. Uliza pia kama shuleni wamegawiwa dawa hiyo karibuni.

Hatari nyingine ni mpira wa tairi. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, basi mtoto aliyeelea juu ya tairi husukumwa kwenda kilindini huku maji yakionekana yametulia kabisa. Kila mwaka mzazi mwingine hugundua hilo akiwa ameshika simu. Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, na mkubwa mmoja awe wa zamu, bila simu, kwa nusu saa nusu saa. Mahali penye matete au mafunjo, waulize wavuvi kama kuna mamba au kiboko, wao hawakisii. Jioni ondokeni ukingoni kabisa.

Siku nyingine utaona wingu kama moshi linapanda kutoka ziwani. Ni wadudu wadogo, hawaumi, lakini wanaingia puani na machoni, na mwenye pumu hubanwa. Jifunikeni kanga usoni, mgeuke upande mwingine wa upepo.

Kwa wadogo kabisa, na siku za matope

Mtoto anayejifunza kutembea au baiskeli hahitaji mandhari. Viwanja vya Furahisha pale Kirumba, saa moja asubuhi siku isiyo na mkutano wala tamasha, vinatosha. Kagua chini kwanza, kuna vizibo na vigae vya chupa.

Na mawe yakilowa, pandeni daladala za Kisesa kwa barabara ya Musoma mwende Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kuna ngoma za kila ukubwa, nyumba za asili, na nafasi ya watoto kukimbia. Mwezi Juni, kufuatana na sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, na makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, wakati mwingine na nyoka mkononi. Siku hiyo fikeni mapema, andikeni namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino, na mkubaliane mti mmoja wa kukutania. Kutoka barabara kuu hadi makumbusho, kama mna watoto wawili, chukueni bajaji, si bodaboda moja ya watu wanne.